Uzito wa Upande wa Pili

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakusikiliza siku hizi na lifti za yale majengo yako hazikusumbui mpaka Jumapili. Mimi mzima. Kazi yangu bado ni kupokea simu za wateja wenye hasira, na masikio yameshaota sugu.

Nina habari. Nimeanza kupanda kuta. Si wizi, usishtuke. Kuna ghala kuukuu karibu na ofisi, ndani wamejenga kuta ndefu za mbao zenye vishikio vya rangi mbalimbali. Unafungwa kamba kiunoni, kamba inapita juu darini na kushuka kwa mwenzako anayeishika chini, halafu unakwea. Mwenzangu ni rafiki wa dawati la jirani, tunamwita Sindano, na ukimwona hutauliza kwa nini.

Navaa saa inayokadiria kalori ninazochoma. Jana saa moja ukutani ilinipa mia saba. Nimekununulia na wewe moja, imo kwenye kifurushi. Nimeshaijaza umri wako, uzito nimekisia tu. Ivae ukienda kutembea, daktari wako atafurahi.

Ila kuna jambo moja. Wiki iliyopita niliteleza. Mimi nikashuka, Sindano akanyanyuliwa kule chini, tukapishana hewani tukitazamana. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nililia, baba. Nimeamua kupunguza kilo kumi.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijawahi kumsikiliza mtu, litaanza leo? Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, na anauliza hizo kalori zinachomwaje na kama kuna hatari ya kuungua.

Mimi nimetengeneza lifti miaka yote hii ili watu wasipate tabu ya kupanda, na damu yangu mwenyewe inalipa ili ipande kwa kucha. Nimewasimulia mafundi wenzangu, wamecheka mpaka wakakaa chini.

Saa nimeivaa. Umenikisia kilo themanini, ahsante kwa heshima. Nina tisini na nne, nimeisahihisha isije ikadhani inamhudumia mtu mwingine.

Hizo kilo kumi sijazielewa. Nani kakwambia zimezidi? Niandikie unakula nini.

Baba yako

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo, nimechoka kidogo tu.

Saa sasa inanipa mia nane kila nikipanda, lakini mizani haisogei. Basi mmojawapo ni mwongo, ama mizani ama mdomo wangu, na nimeona ni mdomo. Asubuhi nakunywa chai kavu, mchana tunda. Jioni, saa ikifika mia nane, nakula kidogo. Isipofika, nalala.

Mwalimu wa ukuta anasema hayo ni makadirio tu, nisiyategemee. Lakini saa ya bei mbaya namna ile itakoseaje?

Usijali mwandiko. Mikono inatetemeka kwa sababu ya vishikio.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujaandika, na sababu naijua. Natumaini unaweza kukaa na kusoma bila kichwa kuzunguka.

Sindano alinipigia juzi. Alisema umezimia katikati ya ukuta, unaning'inia, na yeye mwenyewe alikuwa amenyanyuliwa tena, lakini kamba hakuiachia mpaka mwalimu alipowashusha wote wawili. Akasema atapiga tena. Nilikuwa kazini. Nikakaa kwenye sanduku la vifaa, mlangoni mwa shimo la lifti, nikisubiri simu ya pili. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa vile, na nimefanya kazi juu ya mashimo maisha yangu yote.

Simu ilipokuja, ya kwamba umekunywa maji ya sukari na umeanza kumgombeza kila mtu, ndipo nikaitazama saa. Ilikuwa inanipongeza kwa mazoezi mazuri. Eti nimechoma mia nne. Nilikuwa nimekaa, sikunyanyua hata bisibisi.

Sasa nimeijua hiyo saa yako. Inasikiliza moyo unavyokwenda mbio, lakini haijui unakimbilia nini. Kule ukutani unaogopa kuanguka, unaogopa kuchekwa, nayo inakuandikia kwamba umefanya kazi. Kisha unajinyima chakula kwa hesabu ya hofu.

Nisikilize kwa jambo ninalolijua. Kila lifti ninayotengeneza ina chuma kizito kinachoning'inia upande wa pili wa kamba. Watu wakipanda, chuma kinashuka. Lifti isipokaa sawa, tunaongeza chuma. Sijawahi kumsimamisha abiria mlangoni nikamwambia akapungue kwanza. Upande wa pili ndio uliopungukiwa, si wewe.

Nina kilo tisini na nne. Jumamosi ya pili ya Aprili nakuja kukushikia kamba. Nikukute umekula.

Baba yako

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na goti limekusamehe safari.

Mwalimu bado anakuzungumzia. Anasema hajawahi kuona mtu anayeikagua kamba kuliko yeye, wala mwanafunzi anayemwamuru mwalimu asimame karibu. Ule mfuko wa mchanga uliosema Sindano afungiwe kiunoni ulikuwepo stoo siku zote, sisi ndio tulioona haya kuuomba. Jana niliteleza mara mbili, naye hakubanduka chini. Tulipomaliza tulikula tukashiba.

Lakini siku nitakayoikumbuka ni ile Jumamosi uliponishikia kamba. Kishikio cha mwisho kilinikatalia, nikaachia, nikasubiri kuanguka. Sikuanguka, nilishuka kiasi cha kiganja tu. Nikatazama chini nikaona viatu vyako vya kazi, vyote viwili, sakafuni.

Umesahau saa yako mezani kwangu. Nimeitazama. Jumamosi ile, mimi niliyepanda, yangu iliniandikia mia sita. Wewe uliyesimama tu umeshika kamba, yako imeandika mia tisa.

Siirudishi, baba. Nimeizima nikaiweka kabatini pamoja na yangu.

Mwanao, mzima na kilo zake zote