Kesi ya Mungu Uani Kwetu Chonyonyo

Jumanne, 1 Julai 1952

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Watu wa Rwegoshora wamekuja leo kutoka Nyakahanga kuniposa. Walutheri watupu, makoti mpaka shingoni kwenye jua hili. Wakasema wameona ua zuri nyumbani kwa mzee Kahigi. Ua lenyewe ni mimi! Tata, baba yangu, akawapa kahawa ya kutafuna, akawasikiliza mpaka mwisho, mpole kama mgonjwa. Nikajua hapo hapo kuna jambo. Tata akiwa mpole, mtu ajihadhari.

Walipomaliza akasema yeye na kijana hana ubishi, fundi seremala mzuri, amesikia. Ila kanisa lao halifungi ndoa mpaka binti abatizwe. Kwa hiyo wanamchukua mtoto wake kwa jina la Mungu wao. Sawa. Basi wamthibitishie kwamba huyo Mungu yupo. Wakithibitisha, wanichukue na baraka zake zote. Wakishindwa, nyumba hii haitoi mtu.

Wageni wakacheka, wakidhani utani. Tata hakucheka. Akawapa Jumamosi ya wiki ijayo.

Huyu ndiye Tata! Kakaa baraza la gombolola kusikiliza kesi tangu sijazaliwa, amestaafu lakini baraza halijamtoka. Ukimwambia mbuzi wamekula mahindi, anauliza: "Umeona au umesikia?" Ukisema umesikia, anakugeuzia mgongo na mbuzi wanaendelea kula. Sasa amemshitaki Mungu. Na mali inayogombewa ni mimi, na mimi sijaulizwa hata neno moja!

Alhamisi, 3 Julai

Nimemwambia mama nitakwenda kumsemesha Tata. Mama akaniziba mdomo kwa mkono wenye maganda ya ndizi. Mwali anayeposwa hana mdomo, anasema. Siku ya maneno nitakaa nyuma ya ukuta wa matete, nitasikiliza, basi.

Nikamuuliza, Tata ana nini na Mungu? Mama akaendelea kumenya. Mwishowe akasema: si unajua.

Najua. Kaka Cassian. Alikwenda vitani Burma amebatizwa, na kila mwezi mzee Novatus wa kanisa alikuja hapa kumwambia Tata: usiogope, Mungu anamlinda kijana wako, mimi nakuthibitishia. Hivyo hivyo — nakuthibitishia! Tata alimwamini. Alimchinjia jogoo. Kisha mwaka wa arobaini na nne ikaja habari kwamba Cassian hayupo tena, hata kaburi hatulijui. Novatus hakurudi kusema lolote. Hata pole alimtuma mtu!

Mimi nilikuwa mdogo. Nilikwenda migombani nikamtukana Mungu matusi yote ya Kinyambo ninayoyajua, na ninayajua mengi.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya darasa la ubatizo, nililoanza hata kabla ya posa, Rwegoshora alikuwa ananingoja njiani na baiskeli yake. Kapiga mafuta kichwani. Moyo wangu ukafanya ujinga wake. Lakini alipofungua mdomo nikatamani kumsukumia mtaroni.

Kwanza: msemaji wao Jumamosi ni nani? Mzee Novatus! Nikasema, Rwegoshora, una akili? Huyo ndiye shahidi aliyekwisha kushindwa kesi uani kwetu! Akasema mzee Novatus anajua hoja, amesoma kwa Wazungu, hajawahi kushindwa na mpagani.

Mpagani! Tata anamtaja Ruhanga tangu hao Wazungu hawajafika. Ila anasema Ruhanga aliumba akaenda zake, na yeye hamsumbui asije naye akasumbuliwa.

Pili: hawataleta rubisi, ile pombe ya ndizi inayochachushwa kwa mtama. Kanisa limekataza pombe, anayetengeneza na anayekunywa wote hutengwa na meza ya Bwana. Wataleta maji matamu ya ndizi, yaliyokamuliwa tu. Nikamwambia hayo wanapewa watoto. Kumpelekea mzee maji matamu siku ya posa ni kumwambia hana meno! Akasema Tata ataelewa.

Tata ataelewa. Nimechoka na watu wanaosema fulani ataelewa.

Jumatano, 9 Julai

Chonyonyo nzima inajua. Kisimani wananiuliza: kesi lini? Mama mmoja anataka kujua kama Mungu atakuja mwenyewe au atatuma karani. Wakatoliki wa bonde la pili wameleta salamu kwamba Walutheri wakishindwa, wao wana padre. Mxyuu!

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimekata nyasi mbichi za kutandika sebuleni kwa ajili ya wageni. Tata alikuwa anapunguzia migomba majani. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikasema kabla mama hajanisikia: Tata, mimi hujaniuliza.

"Nikuulize nini?"

"Kama Mungu yupo."

Kisu kikasimama. "Umemwona au umemsikia?"

Nikasema sijamwona wala sijamsikia. Nimemkasirikia. Tangu Cassian. Na mtu hamkasirikii asiyekuwepo, Tata. Hata wewe.

Loo, nilidhani kofi linakuja. Kisha akakata jani moja bichi ambalo halikupaswa kukatwa, akaenda zake upande wa ng'ombe. Mama anasema jioni hii hakula.

Sijui kama nimesema neno zuri au nimeharibu. Ila nimesema! Angalau mtu mmoja katika nyumba hii amesema analolijua.

Jumamosi, 12 Julai

Naandikia jikoni. Nina hasira, si woga. Labda na woga.

Wamefika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walitoka Nyakahanga jana, wakalala njiani. Novatus mbele na fimbo, Rwegoshora, wazee wawili, wanawake wenye vibuyu vichwani, na mama yake Rwegoshora, mama Evangelina, mjane, ushirika wake hauna doa tangu alipobatizwa. Mimi nikasukumwa nyuma ya matete pamoja na shangazi, anayepumua kwa nguvu hata unakosa maneno ya watu.

Novatus akasimama. Kwa kweli alianza vizuri, namchukia lakini nasema kweli. Akauliza:

"Mzee Kahigi, migomba hii nani kaipanda?"

"Mimi."

"Na mibuni?"

"Mimi, kwa amri ya bwana shamba."

Watu wakacheka. Novatus akaendelea: nyumba ina mjenzi, mkeka una msukaji, mtumbwi una mchongaji. Hakuna kitu kilichojitengeneza chenyewe. Basi dunia nzima, na jua lake na mvua yake, ikose mwenyewe?

Nikachungulia kwenye tundu. Tata alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya barazani, anapopima.

"Na huyo mwenye dunia, yeye nani alimtengeneza?"

"Yeye peke yake hana mtengenezaji, waitu, mzee wangu. Mmoja tu."

"Mmoja tu. Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine chini ya jua!"

Tata akainua kichwa. Kisha akasema — nimeyasikia kwa masikio yangu — "Neno hilo lina uzito. Nilikuwa namtafuta mtu wa kunisemea hivyo. Sijaona pa kulivunja." Halafu akasema leteni kinywaji, koo zimekauka, kisha atatoa hukumu.

Shangazi akanibana mkono. Nilikuwa nalia! Nilijua imekwisha, nimeolewa, nimebatizwa, na Tata amepatana na Mungu wake. Yote kwa maneno machache ya Novatus. Nikamsamehe kila kitu, mjinga mimi.

Desturi yetu aliyeleta kinywaji huonja kwanza, mwenyeji aone hakina sumu. Kwa hiyo Novatus, mzee wa kanisa, akapewa kata ya kwanza. Akapiga funda. Nikaona macho yake yanapanuka. Akameza. Akafuta ndevu.

"Tamu," akasema.

Tata akapokea. Akanywa. Akanywa tena, polepole. Harufu ilikuwa imetufikia hata sisi nyuma ya matete. Maji matamu gani! Rubisi, na mtama uliokaangwa juu yake unaelea. Shangazi akajifunika mdomo na kanga asicheke.

"Mzee Novatus, hii ni rubisi."

"Hapana, waitu. Ni maji ya ndizi tu."

"Rubisi."

"Labda... jua. Njia ndefu. Imechachuka."

"Nani ametia mtama?"

"Hakuna aliyetia kitu."

"Imejitengeneza yenyewe?"

Na Novatus, huyu huyu, fimbo mkononi, akasema: "Yenyewe, waitu. Yenyewe tu."

Nilitaka kuuvunja ule ukuta! Neno moja tu lilitakiwa. Angesema "yupo aliyeitengeneza, ni sisi, tusamehe," kesi ilikuwa yake! Tata alikuwa amemshikia mlango wazi. Akaona heri Mungu akose uthibitisho kuliko yeye aonekane kanywa pombe.

Tata akaweka kata chini. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Basi wako wawili," akasema. "Mungu wenu, na kibuyu hiki."

Hakuna aliyecheka. Na Rwegoshora? Seremala wangu? Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alibeba kibuyu kimoja mwenyewe kwenye baiskeli, nilimwona akikifungua kamba. Na pua anayo!

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Waje Chonyonyo waone.

Ndipo Tata akasema ambalo halijawahi kusemwa katika ukoo wetu. Kwamba mashahidi hawa wote wanaogopa, na yeye hahukumu kwa mashahidi waoga. Yupo mmoja nyumbani humu ambaye jana alimwambia neno gumu usoni. Watu wale ndizi kwanza. Wakishakula, Kokushubira, yaani mimi, atoke nyuma ya matete, aonje, aseme mbele ya wote: kinywaji hiki kina aliyekitengeneza, au hakina? Na kama yupo, ni nani, maana kwake mtu asiyetajwa hajathibitishwa. Akisema yupo, hoja ya Novatus imesimama na Mungu wao yupo. Akisema hakuna, waende salama na vibuyu vyao.

Shangazi akalia kwamba mwali hasemi. Tata akasema leo atasema.

Jumamosi hiyo hiyo

Sasa wanakula. Mama Evangelina ameingia jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele yangu. Ananitazama nikiandika. Hajui kusoma.

Nilimwamkia. Kisha akasema taratibu kabisa kwamba ni yeye. Viganja viwili tu vya mtama, usiku kabla hawajaondoka. Alisema: nitampelekeaje baba yako maji ya watoto? Angedhani tumemdharau, angedhani wewe kwetu si kitu. Hakumwambia mtu. Alifikiri Novatus atasema "ni rubisi, tusamehe," kisha wote watanyamaza kama watu wazima.

Nikamwomba asilie. Analia. Nikimtaja, Novatus ndiye atakayesoma jina lake kanisani, yeye aliyemeza! Atakaa benchi la nyuma na waliotengwa, na mkwe aliyemweka pale ni mimi.

Nisipomtaja? Nitaingia kwenye maji ya ubatizo nikiwa nimetoka kusema uongo dhidi ya huyo huyo ninayebatizwa kwake. Na Tata atazeeka akijua kwamba alikuwa sahihi, kwamba hakuna mtu.

Rwegoshora naye kaja mlangoni, kasimama nje kwa adabu, ananong'ona. "Sema imechachuka yenyewe."

Nikasema, halafu Tata atanikatalia kwenda.

"Tutamwendea tena mwakani. Mama asiaibike."

"Na Mungu?"

"Mungu anaelewa."

Anaelewa! Leo kila mtu anajua Mungu anavyoelewa, na hakuna hata mmoja mwenye ujasiri wa kumsemea kwamba yupo! Nilimrushia mwiko. Ulimpata begani. Mkono wa seremala, akaudaka ulipokuwa unaanguka, akauweka kizingitini vizuri, akaondoka.

Mama Evangelina hakuniambia nisitaje. Hakuniambia nitaje. Nilimuuliza, mama, unataka nifanyeje? Akasema tu: "Wewe ndiye unayemjua baba yako."

Kumjua namjua. Namjua hatauliza mara mbili. Na anavyomwangalia mtu anayemdanganya, hajawahi kuniangalia mimi hivyo.

Watu wananawa mikono. Tata ameita jina langu.

Nimesimama. Mama Evangelina ameshika pindo la kanga yangu, wala haliachii, na Tata anangoja, kata mkononi.