Galaksi za Mashuke na Mpunga wa Shangazi

Ijumaa, 15 Mei 2026
Nimefika Mkongo na darubini ya kuazima mgongoni. Dereva wa bodaboda kaniuliza kama nimebeba bomba la maji. Jumatatu darubini inarudi kwa mwenyewe! Miaka tisa nafundisha Fizikia Kibiti, galaksi nazichora ubaoni kwa chaki tu. Safari hii lazima nizione kwa macho yangu. Kundinyota la Mashuke peke yake lina galaksi zaidi ya elfu — na Kibiti taa za barabarani zinazifuta zote.
Huku giza lipo. Shangazi Mwanaidi analinda mpunga wake juu ya dungu, kibanda cha miti, moto unawaka chini kufukuza nguruwe pori. Kasema njoo, mradi usinikanyagie mpunga.

Jumamosi, 16 Mei
Shangazi kalala msibani kwa jirani, dungu kaniachia mimi. Moto usizimike — kasema mara tatu. Lakini ule mwanga! Kila nikichungulia naona wekundu tu. Nikauzima. Nusu saa tu, nikajiambia.
Nikaiona ile galaksi yenye umbo la kofia. Kisha galaksi ya M87 — kidoa cha ukungu, mwanga uliosafiri miaka zaidi ya milioni hamsini. Nililia, sioni haya kusema. Saa mbili zikapita. Mara nasikia mpunga unavunjika huko chini.

Jumapili, 17 Mei
Kona yote ya upande wa mto imelala. Kwato kila mahali. Shangazi kaizunguka, akaokota shuke moja, akaniuliza: hicho ulichokiona, kinaliwa? Nikajiambia: Aibu! Chakula chake cha mwaka, Faudhia!
Darubini nimeifunga kwenye khanga. Siombi tena kutazama.

Leo hiihii, baada ya Isha
Hakuna wingu hata moja. Mara namwona Shangazi anamwagia moto maji! Nimeshtuka, nusura nianguke. Kasema miaka yote juu ya dungu hili anatazama chini tu. Nionyeshe, halafu tuwashe.
Nimemtafutia M87. Jicho moja kaliziba kwa kiganja. Debe la kufukuzia nguruwe kanipa mimi. Naandika kwa kupapasa.
Wameshafika — wanaguna upande wa mto. Nikipiga debe, dungu lote litatikisika, galaksi itampotea. Fimbo ninayo mkononi. Shangazi bado anatazama.