Usifungue Kabureta Kwanza

Tensta, Spånga,
Stockholm, Sweden.
11 Februari 1973

Mpendwa mpwa wangu Deusdedit,

Nakusalimu mimi mjomba wako, fundi mkuu wa injini, mweusi peke yangu katika karakana yenye Waswidi thelathini, mtu ambaye bahati imemng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Hujambo wewe? Domina hajambo? Mtoto ameshaota meno, au bado anawatafuna kwa ufizi? Na dada yangu Clementina, mgongo umepoa, au bado anaushika akiinuka?

Sisi huku wazima, mimi na mkaza mjomba wako Getrude. Ila baridi, bwana we, ni ya kumsahaulisha mtu jina la babu yake. Jana nilitema mate, yakafika chini yakiwa yamekufa.

Barua yako ilinifikia Jumatatu na nimeisoma mara sita. Nilivyoelewa ni hivi: lori la ushirika halivuti. Likisimama linanguruma vizuri, lakini ukikanyaga mafuta linazubaa, kama mtu aliyeulizwa deni, halafu linashtuka na kuruka. Kilima cha Kamachumu kimekushinda mara mbili na magunia ya kahawa juu. Meneja amesema likifika mwisho wa Machi halijapona, funguo anapewa dereva mwenzako Wambura. Na wewe umemwambia meneja kwamba mjomba wako wa Ulaya anatuma dawa, naye amekubali ufungue injini siku hiyohiyo barua yangu itakapofika.

Hapo kwenye kufungua injini ndipo usingizi uliponipaa.

Mwanzo nilijibu upesi: plagi. Magonjwa yote ya magari ni plagi, kama magonjwa yote ya watoto ni minyoo. Nikageuza karatasi yako, nikakuta umeandika kwamba plagi umebadilisha zote, mpya kabisa. Dawa yangu ikaishia hapo.

Nikamwendea Gitau, Mkenya mmoja anayeendesha teksi hapa na anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Hakuniacha hata nimalize. "Hiyo ni taimingi, mzee, cheche haziji kwa wakati wake. Usimsumbue hata Mungu, ni taimingi." Nikamuuliza, taimingi ikiharibika si gari lingekuwa gumu hata kuwaka? Akasema, "Sasa unabishana na mimi au na gari?" Nikaondoka bila kujua jibu la swali langu, wala la lake.

Kesho yake nikaingia duka la spea. Mzee wa pale akaniambia kwa uhakika mkubwa kwamba barafu imeganda ndani ya kabureta, nimimine spiriti kidogo kwenye tangi. Nikamwambia lori lenyewe liko Bukoba, na barafu kule tunaiona kwenye friji ya mapadre tu. Akafikiri. Akasema basi ni kijiti. Kumbe magari ya huku yana kijiti karibu na chujio la hewa, unakisukuma upande wa baridi au upande wa kiangazi, na ukikosea gari linakuwa zito. Nikafurahi! Nikarudi nyumbani nikakuandikia kurasa mbili nzima za kijiti, na picha nikachora.

Getrude akazisoma akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. "Evodius, hilo lori lina kijiti hicho?"

Nikasema sijui.

"Na Bukoba upande wa baridi utauanza mwezi gani? Unataka mtoto wa watu atafute kijiti mpaka afukuzwe kazi?"

Nikazichana. Picha ilikuwa nzuri lakini.

Mwisho nikampelekea Lennart, fundi mzee wa hapa karakanani, mtu wa maneno machache, anayeweka tumbaku ndani ya mdomo wa juu na kukutazama. Nilimtafsiria barua yako wakati wa kahawa. Akauliza: linazubaa likiwa baridi tu, au hata likipata moto? Likiwa tupu, au likibeba mzigo? Linasita kidogo halafu linashika, au ni zito mpaka kileleni? Nikaipekua barua yako mbele na nyuma, hakuna jibu kamili hata moja. Akasema, "Huyo kijana ameandika kwamba anaumwa. Hajaandika wapi."

Basi fanya hivi, kama Lennart alivyosema, na jibu la kila kitu uliandike. Zima injini kabisa, ikipoa toa kifuniko cha chujio la hewa, na usivute sigara karibu. Likague chujio kama limejaa vumbi, kisha liweke pembeni. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini, wewe chungulia mdomoni mwa kabureta. Je, kile kilango cha duara kilicho chini kabisa humo ndani kinafunguka chote, au kinaishia nusu? Kikiishia nusu, huenda waya wa kanyagio la mafuta umelegea tu. Na mguu ukishuka, unaona petroli ikiruka humo kama mate ya nyoka, au pakavu? Pakiwa pakavu, kuna pampu ndogo iliyochoka. Hiyo pampu, waya na kilango vinahusianaje, ameniambia mara tatu, na mara tatu nimeitikia kwa kichwa.

Kuchungulia tu, Deusdedit. Usifungue kabureta. Usiguse taimingi.

Msalimie Domina, mbusu mtoto. Mwambie dada Clementina nimemkumbuka, na asibebe ndoo. Mzee Cyprian nisalimie, na wote wa kule juu kijijini. Mungu akushikie usukani, akupandishe kilima na mzigo wako, akushushe salama.

Na meneja usimpelekee barua hii kama neno la fundi mkuu wa Ulaya, kwa sababu ukiharibu injini kwa neno langu kazi itakwenda, na mimi nitakuwa nimekula mkate wa mtoto wako. Mpelekee maneno ya Lennart. Fundi ni yeye. Mimi katika karakana hii nafagia sakafu, Deusdedit, miaka mitatu sasa, na sijawahi kufungua injini hata moja.

Mjomba wako, akupendaye hivyohivyo alivyo,
Evodius