Watu wa Upande wa Mama

Matisi, Kitale
13 Novemba 1994

Kwa mwanangu Wabwile,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Kabla ya mambo mengine niambie, ile homa ya huko Hola imekuacha? Unalala ndani ya neti? Mimi ni mzima, ni magoti tu yananisumbua mvua ikinyesha. Usicheke mwandiko. Mwalimu wetu wa ngumbaru, hapa tunaposoma wazee, anasema naandika kama kuku anayetafuta mchwa, lakini barua hii nimekataa kuandikiwa na mtu. Utaona kwa nini.

Barua yako ilifika pamoja na ramani. Nimeisoma siku tatu. Unasema unafundisha watoto habari ya Kenya na Uganda na watu wa mpakani, na ati unataka kuwaeleza mlima wetu, na mwalimu wao ametoka wapi, upande wa baba na upande wa mama. Upande wa mama umeandika Chwele, kwa mjomba Khaoya, ukaniuliza kama uko sawa.

Muda wa kufikiria ninao mwingi, mwanangu. Tangu baba yako afariki na tutolewe Saboti ile mwaka ya vita, chumba ni kimoja lakini naona kama ni shule iliyofungwa. Ugali bado napika wa watu wanne, nakula baridi mpaka kesho yake. Hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Nilianza kwa kumuuliza jirani yangu Jepkoech, ambaye ni Msabaot. Alicheka, akasema watu wake nusu wako huku na nusu wako Kapchorwa, Uganda, huko wanaitwa Wasebei, lakini wakikutana kwa matanga hakuna anayetafuta mkalimani. Ni mtu mzuri. Habari ya 1992, watu wake na wetu walipopigana, sisi wawili hatuigusi, tunaongea mambo ya mahindi.

Sisi nasi ni hivyo hivyo. Huku ni Wabukusu, ng'ambo ni Wagisu. Tunatahiri watoto mwaka mmoja, kila mwaka wa pili, mwezi ule ule wa Agosti, na lugha ni ile ile, ni mdomo tu unapinda kidogo. Wazungu walipopima nchi, kwetu walifuata mto Lwakhakha, na huo mto kiangazi mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Waandikie watoto hivyo, kitabu hakitawaambia.

Hizi karatasi nimenunua kwa Mohanlal, Mhindi wa hapa mjini. Alizaliwa Mbale, ng'ambo kwa Wagisu, akafukuzwa na Amin pamoja na wenzake. Wateja wakitoka ananisalimia kwa Kigisu, halafu ananitania ati changu kimeota kutu, na yeye Mhindi ananishinda. Siku ya kwanza aliniuliza mimi ni wa Bugisu sehemu gani. Nilimwomba anyamaze, na amenyamaza miaka miwili.

Sasa umeelewa. Mimi si wa Chwele, Wabwile. Nilizaliwa ng'ambo, karibu na Bubulo. Baba yako alinioa 1970, nikavuka na kikapu kichwani, hata hatukuona kama ni safari. Mwaka uliofuata wewe ukazaliwa, na Uganda ikaharibika. Watu wakaanza kuogopa mtu wa ng'ambo. Baba yako alikuwa anatafuta shamba Saboti, akasikia ati mwenye bibi wa nje atanyimwa. Kama ni kweli sijui, yeye aliamini. Basi siku ya kuandikisha kipande cha kitambulisho, wazee walipouliza huyu mama ni wa nani, Khaoya, rafiki yake, alisimama akasema, huyu ni dada yangu. Alitusaidia. Usimchukie.

Lakini neno likishasemwa mbele ya watu lazima ulilishe kila siku. 1984 ulipofika wakati wako wa kutahiriwa, ulikimbia na njuga mpaka kwa Khaoya, akachinja, akakuvalisha nyama ya kifua shingoni, vile mjomba anafanya. Nilipiga vigelegele na akina mama wengine. Baadaye nilienda nyuma ya nyumba, nikasema ni moshi.

Kama ingekuwa hayo tu, pengine ningekufa nayo. Lakini mwezi uliopita nilienda Chwele kununua vitunguu vya kuuza hapa Matisi. Mtu akaita nyuma yangu, Khainza! Hilo ndilo jina langu la kuzaliwa. Miaka ishirini na nne hakuna ameniita hivyo, na nikageuka. Alikuwa ndugu yangu Wamimbi, wa tumbo moja. Amezeeka, meno ya mbele hayako. Akina mama wa soko walikuwa wananiangalia. Nikakumbuka vile Saboti tulipigiwa kelele turudi kwetu, na mimi najua kwetu ni wapi. Nikamwambia, mzee, umenifananisha.

Aliniangalia sana. Akaomba msamaha, akaniita mama. Halafu akaanza kumwambia mwenye vitunguu, na mimi nimesimama hapo, ati amepoteza dada upande huu. Alisikia huyo dada alizaa mvulana wa kwanza, akamfugia dume. 84 akakaa akingoja kusikia njuga zikipanda njia. 86 akangoja. 88 akangoja, ndipo akachinja, akala na majirani. Mwenye vitunguu akasema bana, hiyo ng'ombe ilikuwa na bahati kuishi miaka yote hiyo. Hata Wamimbi akacheka. Akanunua chumvi, akaenda.

Nilimkana, mwanangu. Si baba yako, si Khaoya. Ni mimi, mchana, kwa mdomo wangu.

Jumamosi naenda Lwakhakha, nitavuka. Jibu lako singojei, kwa sababu nikingoja nitaogopa tena. Nitapiga magoti kwa Wamimbi, hata yakiuma. Nitamwambia yule mtoto yuko, ni mwalimu, na nitamwambia nimekuita uje Desemba shule zikifungwa. Nilikuwa nimepanga, usipokuja, nimwambie umenyimwa ruhusa kazini. Hapana. Nitamwambia mtoto amekasirika, hakutaka kuja, na ana haki.

Wasalimie walimu wenzako, na yule mama anayekuuzia maziwa, mwambie asante. Chemsha maji ya kunywa hata kama unaona ni safi. Jepkoech anakusalimu. Mungu akulinde kwa hilo jua.

Ni mimi mama yako,
Agneta kwa kipande,
Khainza kwa mama yangu.