Plasta Kwenye Kengele

Dada yangu,

Nimesikia mwanangu ameota jino la pili, nibusie. Mwenzio nachemka kwa hasira. Mashine yetu ya kuchambua seli za damu ya wagonjwa hukaa ndani ya kabati la kioo lenye feni ya kuvuta hewa. Mashine ikiziba hurusha ukungu wa damu, nasi hungoja feni iuvute ndipo tufungue. Juzi iliziba. Nikangoja, nikafungua, ukungu ukanipiga usoni. Kumbe feni imekufa, na mkuu wetu kaiziba kwa plasta kengele ya kutuonya ikifa!

“Ilitupigia makelele mno, mama mtoto,” akacheka.

Plasta hiyo nimeibandua, nikaibandika kwenye ripoti. Sasa ananibembeleza niichane ripoti. Sichani ng’o.

Majibu ya vipimo vyangu bado. Jumamosi usimlete kunyonya, hata akilia.

Mdogo wako