Mkongojo kwa Muuza Kenkey

6 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na mguu haukusumbui sana na mvua hizi. Mimi mzima, ila njaa tu.

Simu hapa ni marufuku, kwa hiyo barua zangu atakuletea shangazi Abla akirudi kutoka sokoni siku ya Jumatatu. Wiki mbili za kwanza nililia sana. Wakubwa wanatuita sisi wa kidato cha kwanza "mikia," wanatutuma maji kabla hakujapambazuka, na mmoja aliniamuru niisalimie nguzo ya taa nikiwa nimepiga magoti. Lakini Jumamosi walikuja watu wa Taa ya Vijana kututambulisha kwenye huduma yao. Gitaa, kakao ya moto, mkate wa sukari, Baba! Kiongozi wao, Mtumishi Selorm, ndiye mtu wa kwanza hapa kuniuliza jina langu. Nimejiunga. Sasa dada Mawuena wa kidato cha tatu ananilea, na hakuna anayenituma maji tena.

Jambo moja. Jumapili ya wageni, tarehe kumi Novemba, usije. Barabara mbaya. Aje Mama peke yake.

Binti yako,
Esinam

*

13 Oktoba

Mwanangu Esinam,

Sisi wazima. Mama yako anakaanga gari ya unga wa muhogo ya kukuletea na amekwisha kuungua kidole, kwa hiyo uile yote.

Hiyo barabara imeharibika lini? Shangazi yako anaipita kila wiki na mikungu yake ya ndizi, wala hajalalamika, na unajua yeye hulalamikia hata kivuli. Kama unauonea haya mguu wangu, sema tu. Sitakasirika. Nitakasirika, lakini nitakuja hivyo hivyo.

Baba yako

*

19 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Habari ya mguu? Nauliza kwa woga.

Sikuonei haya. Nisikilize. Jumamosi ile Mtumishi alitufundisha kwamba ukimwomba Mungu jambo, lishuhudie kama umekwisha kulipokea, kwa imani. Halafu tukaitwa mbele mmoja mmoja. Wenzangu walikuwa wanalia. Ilipofika zamu yangu nikasema lile ninaloomba kila siku tangu ulipoanguka mchikichini. Nilisema: "Baba yangu ametupa mkongojo. Anatembea."

Baba, nilidhani wataelewa kwamba ni kwa imani! Wakaruka, wakashangilia, Mtumishi akaninyanyua juu. Sasa kila Jumamosi wananipeleka shule nyingine kuwasimulia wanafunzi wapya. Nimekwisha kusema mara tatu. Mara ya tatu niliongeza kwamba ulikimbia.

Nisamehe.

Esinam wako

*

27 Oktoba

Esinam,

Hatujambo. Mama yako sijamwambia.

Eti nilikimbia! Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu sikucheka tena. Mimi nasali kiti cha nyuma kanisani miaka minne sasa, naomba hilo hilo, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba nimepewa.

Nenda kwa huyo Mtumishi umwambie. Ni maneno machache tu. Usipomwambia, nitakuja na mkongojo wangu wauone wenyewe.

Baba yako

*

4 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri huko.

Nilimwendea. Nilisema, "Mtumishi, kuhusu baba yangu," na kabla sijamaliza akaanza kutokwa machozi ya furaha. Aliniambia wameandaa kiti chako jukwaani Jumapili, wazazi wote wakuone. Nikasema asante. Baba, nikasema asante!

Ukija na mkongojo, mimi nimekwisha. Miaka mitatu humu ndani nitaitwa mwongo, bwenini, bombani, darasani, na geti halifunguliwi. Tafadhali usije. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Esinam

*

18 Novemba

Mwanangu,

Sijui kama u mzima, kwa sababu Jumapili ile hukuniangalia usoni hata mara moja. Mimi naandika kitandani.

Sikwenda ili kukusema. Nilikuwa sijakuona tangu Septemba, basi. Nilifika getini na mkongojo wangu. Nikakuona kwa mbali umesimama na wenzako, umekonda, unaangalia mikono yangu. Basi nikamkabidhi mkongojo yule mama anayeuza kenkey, yale madonge ya mahindi, nje ya geti, nikamwambia naurudia. Nikaingia, nashika migongo ya viti kama mtu anayesalimia watu. Hatua thelathini na moja. Walivyoimba, nilitamani kulia, na si kwa furaha.

Nilidhani yataishia hapo. Lakini Mtumishi aling'ang'ania kunirudisha nyumbani kwa gari lake; ningemwambia nini? Nikapita mbele ya yule mama nikiuona mkongojo wangu umeegemea meza yake, nikageuza uso. Sasa natembelea mchi wa fufu, na mama yako anagomba kwamba hana cha kutwangia. Amejua yote. Goti limevimba kama kibuyu.

Jana Mtumishi alikuja. Anataka nizunguke naye shule tatu. Nikajifunika blanketi, nikasema nina malaria. Ameahidi kurudi. Umeona ulikonifikisha? Na miguu yangu mwenyewe nimejipeleka.

Baba yako

*

23 Novemba

Baba,

Pole na goti. Pole, pole, pole. Sikukuangalia kwa sababu nilijua jinsi mguu ulivyokuwa unakuuma.

Kuna jambo baya zaidi. Kuna msichana wa darasa langu, Kafui. Ana ugonjwa wa damu wa seli mundu, anameza vidonge kila siku. Mimi ndiye niliyemleta Taa ya Vijana. Tumeambiwa kila mmoja alete mwenzake. Alikuona ukitembea. Jumatano alisimama akashuhudia kwamba naye amepona kwa imani, na tangu siku hiyo hamezi vidonge. Nilimsihi ameze. Akanijibu, "Baba yako alirudi kuuchukua mkongojo?"

Jana alijikunja kitandani kwa maumivu, akamzuia Mawuena asimwite nesi. Nilimwita mimi. Nesi alimpa dawa, lakini alipoondoka Kafui akaitema, akanitazama kama msaliti.

Nifanye nini? Nikisema, wote watanigeuka. Nisiposema, huyu atakufa, Baba.

Esinam

*

25 Novemba

Esinam mwanangu,

Shangazi yako ameleta barua yako leo, nami namrudisha huko kesho hata kama si siku yake ya soko. Salamu baadaye.

Maneno hayatatosha. Mimi na wewe tumewaonyesha kitu kwa macho, basi nao waonyeshwe kwa macho. Nenda kwa yule mama wa kenkey. Mwambie baba yako anaulizia mkongojo wake. Una alama ya panga karibu na mpini, na kitambaa cha gauni la zamani la mama yako mahali ninapowekea kwapa. Uingie nao mbele. Mpe Kafui aushike mkononi, aone ulivyolika kwa kutumiwa.

Sema kwamba baba yako naye alidanganya, hatua thelathini na moja. Usinifiche. Kama Mtumishi ni mtu wa Mungu atasimama upande wako, na kama si hivyo, ni vizuri tujue.

Nami nitaendelea kuomba, kule kiti cha nyuma.

Baba yako anayekupenda

*

30 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uvimbe umepungua na Mama amerudishiwa mchi wake.

Mkongojo ninao. Yule mama alikuwa ameutundikia mataulo yake. Hakuniuliza kitu, alinipa na kenkey mbili bure.

Ni Jumamosi mchana. Wanafunzi wapya wa shule ya wavulana wameletwa kutambulishwa, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nimekaa nje, nyuma ya ukumbi, mkongojo uko mapajani. Nimemwona Kafui kupitia mlangoni, yuko mstari wa mbele, midomo yake imekauka. Mtumishi amekwisha kuwaambia kuna binti mwenye ushuhuda wa ajabu.

Naogopa sana. Kwa hiyo barua hii nampa sasa hivi shangazi, aliyekuja tena leo kuniona, kabla sijaingia, ili hata miguu ikinigomea, wewe uwe umekwisha kusoma kwamba nilisema ukweli. Sitaweza kukudanganya na wewe pia.

Wimbo umekwisha. Wananiita.

Binti yako,
Esinam