Pamba Niliyochambua Nikingoja Lori

Mjukuu wangu Milembe, mwangaluka. Sisi tu wazima, babu yako anakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza ufanye nini, maana safari yenu ya injili inaahirishwa kila mwezi. Mimi nami nilichaguliwa na kanisa, pamoja na wenzangu, kwenda kuhubiri Mpanda, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Bariadi kununua pamba. Mmoja wao aliahidi kutubeba kwenye lori lake. Nikafunga begi, nikakataa kazi zote, nikawa nakaa mlangoni naangalia barabara.

Jirani yetu, mama mmoja tuliyemwita mayu Kabula, hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa uani kwake akichambua pamba, safi huku, fifi yenye uchafu kule, kama chama cha ushirika kilivyotuzoesha. Nikamwambia, "Mayu, hawa wapya wananunua yote pamoja, hawaangalii."

Akasema, "Naangalia mimi. Njoo ukae, mwanangu, barabara haitakimbia."

Nikakaa. Siku ya kwanza nilichambua kwa hasira. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona takataka ndogo ambazo zamani nilizipita, na si kwenye pamba tu. Niliona kwamba nilitaka kuonekana nikiondoka kuliko nilivyotaka kwenda.

Lori halikuja. Mayu Kabula alishafariki, na Mpanda sijafika. Hadi leo nikisikia injini nainua shingo, Milembe, ila mikono haiachi kuchambua.

Bibi yako,
Ng'washi